Nilisema Ameanguka

Kuna maneno ambayo mtu huyatamka kwa dakika moja na kuyalipia kwa miaka. Langu lilikuwa neno moja tu, nalo nilimwambia tabibu katika hospitali mojawapo ya mkoa wetu wa Manyara, mwezi Machi mwaka 2014. Neno lenyewe ni hili: "Ameanguka."

Mgonjwa alikuwa dada yangu, mdogo wangu wa kufuatana naye. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga, uso umemvimba upande mmoja. Nyuma yetu alisimama mumewe, shemeji yangu, funguo za gari mkononi, maana ndiye aliyetuleta kwa pikapu yake. Tabibu alimwuliza dada, "Mama, imekuwaje?" Dada hakujibu. Alinitazama mimi. Nami, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa kosa la kusema uongo, nikamjibia.

Tabibu akauliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha: "Ameanguka?" Nikasema, "Ndiyo, akitoka kuchota maji." Akaandika.

Nimeishi muda mrefu na neno hilo, na ninaliandika hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba dada yangu ameniruhusu. Ya pili ni kwamba tangu siku zile nimejifunza mambo fulani ya sheria ambayo laiti ningeyajua mapema, au laiti ningekuwa na moyo wa kuyatumia, leo mkono wake ungekuwa na habari nyingine. Mimi si mwanasheria. Ninasimulia kama mtu aliyechelewa.

Sisi ni Wairaqw wa Mbulu, watu wa nyanda za juu, kwenye ukungu na baridi. Dada aliolewa chini, wilaya ya Hanang, upande wa Bassotu, katika nchi ile tambarare ya ngano ambayo ukisimama popote unauona mlima Hanang. Mumewe alikuwa Mwiraqw mwenzetu, mchapakazi, mwenye trekta. Nataka kuwa mkweli kuhusu trekta lile, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Lilikuwa linapanda kwetu kila msimu kunilimia ekari nne, na nililipa baada ya mavuno. Mwaka 2013 mavuno yalikuwa mabaya, sikulipa. Kwa hiyo siku niliposimama mbele ya tabibu nilikuwa na deni kwa mtu aliyesimama nyuma yangu.

Nilikuwa nimepigiwa simu usiku na jirani yao. Alfajiri nikapanda basi kutoka Mbulu mjini, tukapita Dongobesh, tukateremka ukingo wa bonde hadi Dareda, pale nikasubiri gari la kwenda Singida lililonifikisha Katesh, na kutoka Katesh nikachukua pikipiki. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno makali ya kumwambia shemeji. Nilipofika alinipokea uani kwa heshima zote, akanisalimu, akasema, "Shemeji, shetani alinipitia." Maneno yangu makali yakaniishia pale pale. Mtu akikupokea hivyo, nawe unadaiwa, unakuwa mpole upesi.

Wiki moja baadaye wazee walikaa. Walikaa vizuri, kwa utaratibu, chini ya mti, na shemeji alikiri kosa. Waliamua atoe beberu kwa ajili ya upatanisho na blanketi kwa mama yetu mzazi, amwombe mkewe radhi, na ugomvi ufutwe. Dada aliulizwa kama ameridhika. Akasema ameridhika. Sijui angesema nini kingine, mbele ya wanaume kumi na mmoja, mkono ukiwa kwenye mhogo. Tulipokuwa tunaagana shemeji alinivuta kando akaniambia, "Na lile deni la kulima, shemeji, tulisahau." Sikusema neno. Nililisahau.

Jioni ile, nikingoja usafiri, bibi mmoja wa Kibarabaig aliyekuwa jirani ya dada alinijia. Alikuwa ametazama kikao kwa mbali. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwalimu, kwenu jeraha la mwanamke huamuliwa na wanaume watupu?" Nikamwuliza kwao inakuwaje. Akasema kwao zamani wanawake wangekutana wenyewe, na yule mwanamume angetoa dume jeusi, wakalichinja wao, wakalila wao, na asingethubutu kukataa.

Nilidhani ni maneno ya kunitania. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba jambo hilo limeandikwa. Mmarekani mmoja, George Klima, aliishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1970. Alieleza baraza la wanawake lililokuwa na uwezo wa kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyevunja haki za wanawake, na nguvu ya laana nyuma ya hukumu hiyo. Alieleza pia kwamba mwanamke wa Kibarabaig huingia katika ndoa na ng'ombe aliopewa kwao, ambao mume hawezi kuwagawa apendavyo. Simtaji bibi yule ili niseme mila zao hazina dosari. Ninamtaja kwa sababu aliona kwa dakika chache kitu ambacho mimi sikukiona kwa miaka: kwamba kikao chetu kilishughulikia mambo mawili kana kwamba ni jambo moja. Kulikuwa na ugomvi wa ndoa, na kulikuwa na mkono uliovunjika. Tulipatanisha ndoa, kisha tukauhesabu mkono kuwa umepona.

Mkono haukupona. Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo dada hawezi kukunja vidole viwili vya mwisho, na hawezi kubeba debe la maji upande ule. Kwa mwanamke wa kijijini huo si ulemavu mdogo. Kupalilia, kupukuchua mahindi, kukamua ng'ombe, kusuka mkeka, vyote vinataka mikono miwili.

Yakapita miaka mitano. Mwezi Agosti mwaka 2019, saa za jioni, dada alifika nyumbani kwangu Mbulu na mfuko mmoja wa nguo na mtoto wake wa mwisho. Safari hii hakuwa na jeraha. Aliniambia, "Kaka, sikuja kusalimia. Nimetoka." Nikamwuliza kama anataka talaka. Akasema hataki talaka, yeye ni Mkatoliki na ndoa yake ilifungwa kanisani. Anataka kuishi mbali na mtu yule bila kuonekana mtoro, na anataka watoto, na anataka sehemu ya jasho lake. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na huu mkono, kaka. Hakuna anayeulizia huu mkono."

Kesho yake nilivaa koti, nikaenda kutafuta sheria.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa nje ya mahakama, chini ya mti, na mkoba wa ngozi. Aliniita "mheshimiwa mwalimu." Alisikiliza hadithi yangu akitikisa kichwa, akasema kesi ya mkono inalipa sana, fidia ya milioni ishirini haikosi, nimpe laki tano za kufungulia jalada. Sikuwa nazo, na huo ukawa wokovu wangu. Baadaye niliambiwa kwamba watu wa namna ile huitwa vishoka. Wakili wa kweli ameandikishwa katika daftari la mawakili, ni mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, ana leseni anayoihuisha kila mwaka, ana ofisi, na hutoa stakabadhi. Siku hizi Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambamo unaweza kuhakiki jina la mtu kabla hujampa hata shilingi. Wakili wa kweli hana uwezo wa kukuahidi ushindi. Anayekuahidi kiasi cha fidia kabla hajaona karatasi yoyote, mkimbie.

Mtu wa pili alikuwa mama mmoja msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi watu hawa. Wanasajiliwa, wanatoa elimu na ushauri bila malipo, wanamsaidia mtu katika taratibu za kupata nyaraka, wanampeleka mtu panapohusika. Hawaruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani wala kumtoza ada. Mama huyu alikuwa na daftari la shule la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa uzi. Alimsikiliza dada kwanza, mimi akaniweka nje. Kisha akaniita.

"Mwalimu," akasema, "hapa kuna mashauri mawili. Tuyatenganishe."

Akaeleza kwa utaratibu ambao ningependa kila mwalimu awe nao. La kwanza ni la mwili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kipigo. Sheria hiyo hiyo inasema mume na mke wanawajibika kwa madhara wanayofanyiana sawasawa na watu ambao hawakuoana. Yaani mume akimvunja mkewe mkono, mke anaweza kumdai fidia kama ambavyo angemdai mpita njia. Hicho ni kitu ambacho sikuwahi kukisikia, na sheria yenyewe ilikuwa na umri wa karibu miaka hamsini. Mbali na madai, kuna jinai: kumjeruhi mtu vibaya ni kosa kubwa, na wazee chini ya mti hawana uwezo wa kulifuta kwa beberu. Ugomvi mdogo wa kusukumana mahakama inaweza kuuhimiza umalizwe kwa suluhu. Mfupa uliovunjika si ugomvi mdogo.

La pili ni la ndoa. Hapa pana njia tatu na watu huzichanganya. Wenzi wanaweza kukubaliana wenyewe kuishi mbalimbali. Mmoja wao anaweza kuiomba mahakama amri ya kutengana. Au anaweza kuomba talaka. Talaka inavunja ndoa, na anayeitaka lazima kwanza apeleke mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa kawaida lipo katika kata, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika hali chache ambazo sheria imezitaja. Kutengana hakuvunji ndoa. Kunamwondolea mtu wajibu wa kukaa nyumba moja na mwenzake, lakini hakuna anayeweza kuoa au kuolewa upya kwa sababu hiyo. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mahakama inapotoa amri ya kutengana ina uwezo pia wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, kama inavyofanya kwenye talaka, na kuamua juu ya watoto na matunzo.

Dada aliposikia hayo alipumua. Alikuwa amebeba kwa miaka wazo kwamba ama avumilie, ama avunje kiapo chake cha altareni. Paroko alimthibitishia upande wa Kanisa: kanuni ya 1153 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuondoka. Kumbe milango ilikuwepo, ya serikali na ya Kanisa. Haikuwa imefungwa.

Kisha yule mama akarudi kwenye mkono. Akauliza tarehe. Machi 2014, nikasema. Akahesabu kwa vidole, akaandika, akaipiga mstari. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii ya madhara. Muda ulikuwa umekwisha Machi 2017. Kwa jinai, makosa mazito hayana kikomo cha namna hiyo, kwa hiyo akauliza juu ya ushahidi. "Mlipata PF3?" Hiyo ni fomu ya polisi ambayo majeruhi wa kupigwa au wa ajali huandikiwa, tabibu akaijaza alichokiona. Hatukuwa nayo. "Jalada la hospitali linasema nini?"

Dada alitazama chini. Nikasema, "Linasema ameanguka."

"Nani alisema hivyo?"

Ndugu msomaji, nimeulizwa maswali mengi maishani, na wakaguzi wa shule, na mapadri, na watoto wangu. Hakuna lililokuwa fupi kama lile. Nikasema, "Mimi."

Hakunilaumu. Aliandika. Nadhani alikwisha kuwaona kaka wengi.

Hata hivyo tulishuka Babati, makao makuu ya mkoa, kumwona wakili, kwa sababu sikutaka kuamini hesabu za vidole. Wakili alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alisoma karatasi zetu chache akasema bila kuzunguka kwamba kwa madai ya fidia ya mkono asingechukua fedha yetu, kwa sababu shauri lingetupwa siku ya kwanza. Alitushauri tuweke nguvu kwenye kutengana, na kwamba huko habari ya mkono bado ina kazi, maana ukatili ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyatazama inapoamua kama ndoa imeharibika. Akatutoza fedha kidogo ya ushauri, akatuandikia stakabadhi. Nilitoka pale nikiwa nimehuzunika, lakini nikimheshimu.

Nilimwuliza pia, kwa uchungu, kama mahakama ina faida yoyote kwa watu wa kwetu. Kwa Hanang swali hilo lina historia. Wazee bado wanaikumbuka kesi ya Mulbadaw, ambapo wanakijiji walilishtaki shirika la serikali la NAFCO kwa ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua. Kwa watu wengi funzo lililobaki ni kwamba mnyonge hashindi. Wakili alisema yeye huwa anasoma funzo jingine ndani yake: kwamba, pamoja na mengine, umiliki haukuthibitishwa kwa ushahidi ambao mahakama iliutaka. "Mahakama haijui unachokijua," alisema. "Inajua kilichothibitishwa mbele yake." Sikubaliani na yote yaliyowapata watu wa Mulbadaw, lakini maneno hayo niliyachukua, maana yalinihusu. Mimi ndimi niliyeinyima mahakama kile ilichopaswa kukijua.

Shauri la kutengana lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo nayo ina uwezo wa kusikiliza mambo ya ndoa. Pale mtu huzungumza Kiswahili na hujieleza mwenyewe. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama katika mahakama hizo. Dada alijieleza. Alitaja mashamba waliyoyasafisha pamoja, mahindi na maharage na alizeti aliyoipalilia, nyumba ya bati ambayo maji ya kufyatulia matofali yake aliyabeba kichwani. Shemeji alisema nyumba na trekta ni vyake, maana fedha ilitoka mfukoni mwake.

Jambo hilo lilikwisha kuamuliwa siku nyingi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu zaidi, kwa kuwa ilionekana alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia ovyo. Lakini kanuni aliyoiacha imewafaa wanawake wengi ambao hawamjui hata kwa jina. Sehemu si lazima iwe nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Hivyo ni muhimu kuusimulia mchango huo kwa ukamilifu, hata ule ambao mtu ameuzoea mpaka hauhesabu kuwa ni kazi.

Kisha hakimu akauliza juu ya kipigo. Shemeji akasema hajawahi kumpiga, na kwamba mkono ulivunjika kwa kuanguka, na hospitali inajua.

Dada aliniita shahidi. Nilikuwa nimelala macho wazi usiku uliotangulia. Nilijua trekta halitapanda tena kwetu. Nilijua watu wa Mbulu na wa Hanang watasema mwalimu yule ni mwongo, na watakuwa na haki. Niliapa, nikasema: mimi ndimi niliyemwambia tabibu kwamba ameanguka. Hakuanguka. Mumewe alikiri mbele ya wazee, na beberu tulilila. Nikasema pia habari ya deni la ekari nne, maana niliona nikilificha hilo nitakuwa nimekuja kusema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha pale. Shemeji aliniuliza swali moja: "Wakati ule ulikuwa mwongo au sasa ndiyo mwongo?" Nikamjibu, "Wakati ule."

Wazee wawili wa kile kikao walikuja nao wakathibitisha. Ninawashukuru. Haikuwa kazi rahisi kwao.

Mahakama ilitoa amri ya kutengana. Dada alipata sehemu ya mashamba na thamani fulani ya nyumba, watoto wadogo wakabaki naye, na baba yao akaamriwa kuwatunza. Matunzo huja mwezi mmoja, mwezi mwingine hayaji, na inabidi kukumbushia. Trekta lilibaki kwa mwenyewe. Kuhusu mkono, mahakama iliutumia kama ushahidi wa ukatili, basi. Fidia yake haikulipwa na haitalipwa kamwe.

Siku hizi watu huniuliza, kwa vile habari ilienea. Huja wenye majeraha ya kila namna. Aliyegongwa na gari nikamwambia: nenda polisi siku hiyo hiyo, chukua PF3, andika namba za gari na jina la kampuni ya bima, maana sheria inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu, na bima hiyo ipo kwa ajili yako. Aliyeumia kazini nikamwambia kwamba tangu Julai 2015 uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri atoe taarifa mapema, usikubali kupewa nauli ya kurudi kwenu. Wote nikawaambia: tunza kila karatasi ya hospitali, na miaka mitatu si mingi.

Lakini anapokuja mwanamke aliyepigwa na mumewe, simwangalii yeye kwanza. Ninamtazama aliyemsindikiza. Maana nimejifunza kwamba wakili wa kwanza wa majeruhi ni ndugu anayekwenda naye hospitali, na mara nyingi shauri huamuliwa pale kwenye benchi, kabla ya polisi, kabla ya baraza, kabla ya hakimu. Huyo ndugu ninamwambia: mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Kama mtapatana baadaye, patanisheni ndoa, ni jambo jema, lakini jeraha liandikwe kwanza kama lilivyo. Ndoa inaweza kusuluhishwa hata mwaka ujao. Jeraha lisipoandikwa leo, halitaandikika tena. Na mwisho ninamwuliza kama anadaiwa chochote na shemeji yake. Wengine hucheka. Wengine hunyamaza, nami ninajua.

Dada yangu anaishi karibu nami, ana shamba lake na ng'ombe wawili. Siku moja nilimkuta anakamua kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Nikamwomba msamaha, kwa mara ya kwanza kwa maneno, maana miaka yote nilikuwa nimeomba kwa vitendo tu, nikidhani vinatosha. Aliendelea kukamua. Baadaye akasema, "Ulisema mahakamani, kaka. Nilisikia." Akanipa ndoo niibebe.

Niliibeba.